Nimeangalia mashindano ya poka kwenye TV wiki tatu mfululizo, haya ndo maoni yangu

Kabla hamjanirukia, poka ninayosema hapa sio ile yetu ya "niko kadi", ile ya mbili na tatu kuokotesha na nane kuuliza swali. Hii ni ya Marekani, Texas Hold'em, kila mtu anapewa karata mbili za siri halafu tano zinafunuliwa katikati kwa wote, tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha ya mwisho, na kila hatua watu wanaongeza pesa au wanatupa karata wanajitoa. Bas. Naangalia kwa ami yangu hapa Lamu, YouTube kwenye TV ya sebuleni, baada ya isha, na wallahi sijapata kipindi kilichonishika hivi siku nyingi.

Waliokulia barazani watanielewa haraka. Ukiwa huchezi, kiti kitamu kuliko vyote ni kile cha nyuma ya mchezaji, unanyoosha shingo kidogo unaona za huyu, unageuka unaona za yule, unajua fulani amebeba turufu na anajikunja kama mgonjwa, na mwenzake amejaa magarasa lakini kifua mbele. Sharti ni moja tu, nyamaza, ukikohoa vibaya unafukuzwa. Sasa TV inakupa kile kiti nyuma ya watu wote mezani kwa wakati mmoja, na unaruhusiwa kupiga kelele utakavyo kwa sababu hawakusikii.

Na hicho kiti kuna mtu alikitengeneza. Zamani poka kwenye TV ilikuwa watu wamekaa wanaangaliana, huoni karata, hujui nani mwongo. Halafu mzee mmoja anaitwa Henry Orenstein, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyetoka hai kwenye kambi za Wanazi, akaenda Marekani akawa mtu wa kubuni vitu vya kuchezea watoto (zile Transformers, yeye ni mmoja wa waliozifikisha Marekani), akaona poka kwenye TV inamchosha. Mwaka 1995 akapata hataza ya meza yenye kamera za kuonyesha karata za siri. Uingereza wakaanza kuonyesha hivyo mwaka 1999 kwenye kipindi cha Late Night Poker, Marekani wakafuata, na mchezo ukawa kitu kingine kabisa. Mimi huyo mzee namheshimu sana, alielewa kwamba mtazamaji hataki kubahatisha pamoja na mchezaji, anataka kujua kabla yake.

Kama unaanza, anza na fainali ya World Series of Poker (mashindano makubwa ya poka ya kila mwaka huko Marekani) ya 2003, tafadhali usianze na nyingine. Kiingilio ni dola 10,000 na walikuwa watu 839. Wamebaki wawili. Mmoja Sam Farha, mzaliwa wa Lebanon, mtu wa kazi hiyo, sigara mdomoni haijawashwa, ametulia kama yuko kwake. Mwingine mhasibu kutoka Tennessee anaitwa Chris Moneymaker (ndo jina lake la ukweli, nimehakikisha) ambaye nafasi aliipata kwa kushinda shindano dogo la kwenye intaneti la dola chini ya mia. Basi kuna raundi moja Moneymaker ana kingi ya shupaza na saba, mezani shupaza zimekuja tatu, anangoja moja tu apate tano za rangi moja. Ya mwisho inafunuliwa, tatu ya kopa. Hana kitu. Hana hata jozi! Anasukuma zote alizonazo mezani.

Farha ana jozi ya tisa, anaongoza, sisi tunaona anaongoza. Na kinachouma ni kwamba anakisia kabisa, anasema wazi pale mezani kwamba huyu alikuwa anangoja shupaza zikamkosa, amepiga penyewe, bado mkono hauendi kuweka pesa. Moneymaker ametazama mbele kama sanamu. Ami yangu, mtu wa wahedusitini (karata zetu za barazani) tangu mimi sijazaliwa, alisimama na kikombe cha kahawa mkononi akawa anamwambia Farha "hana kitu huyo, mshike, mshike bwana!", mechi ya zaidi ya miaka 20 iliyopita. Farha akatupa karata. Ami akakaa chini kimya muda mrefu, halafu akasema "yule kijana ana moyo". Mwishowe Moneymaker akashinda fainali, akachukua dola milioni 2.5, mwaka uliofuata wakajitokeza watu 2,576, na 2023 wakafika 10,043.

Hapo ndo utamu wake ulipo kwangu, sio pesa. Mpira unaona mguu, hapa unaona mtu anapigana na woga wake mwenyewe na wewe unajua jibu na yeye halijui. Pembeni ya skrini kuna asilimia, ree mbili dhidi ya kingi mbili ni kama 80 kwa 20, na kila karata inayofunuliwa namba zinabadilika, hata mama mdogo ambaye hajui karata alikuwa anafuata zile namba tu na anashika kichwa kama sisi.

Kasoro zipo. Vipindi vilivyokatwa vya saa moja vinaonyesha raundi kubwa kubwa tu, utadhani kila dakika mtu anaweka roho yake mezani, wakati ukweli ni kwamba mara nyingi wanatupa karata na kungoja. Ukitaka kuujua mchezo angalia matangazo marefu, yale huchelewa kwa makusudi, mara nyingi nusu saa hivi, ili mtu wa nje asimtonye mchezaji, lakini ni masaa na masaa, bando litaisha na usingizi utakushinda. Watangazaji nao wanamwaga maneno ya kazi bila kuyaeleza. Na wale wa miwani myeusi na kofia ya sweta wanafunika kile kile nilichokuja kukiangalia, uso, mimi ningewavua.

Dada yangu aliuliza wanawake wako wapi, swali zuri sana. Kwenye meza ya mwisho ya shindano kuu la hiyo World Series alifika Barbara Enright mwaka 1995, wa tano, halafu miaka 30 hakuna mwingine mpaka Leo Margets wa Uhispania 2025. Hiyo miaka 30 inanikera.

La kamari niliseme wazi, mimi sichezi, ni haramu na sina mjadala hapo, na vijana wetu nawaona wanavyomaliza pesa za samaki kwenye simu. Ndo maana matangazo ya biashara ya kampuni za kubeti yanayokatiza kila kipindi nayachukia kwa dhati, nikiwa na watoto sebuleni nabonyeza sauti chini. Kama wewe unajijua mkono wako unawasha, usiangalie, kweli nakwambia kama ndugu. Waliotoka mikono mitupu kwenye yale mashindano ni wengi mno kuliko unaowaona wakikumbatia mabunda ya noti.

Nyota nne kwa tano, ile ya tano imeliwa na matangazo ya kubeti. Ijumaa tunaangalia fainali ya 1988 ya shindano hilo hilo, Johnny Chan na Erik Seidel, Chan ameshapata karata tano za kufuatana na anajifanya hana habari, mwenzake anaingia mwenyewe. Wakati huo kamera ya mezani haijazaliwa. Nimemficha ami mwisho wake, nataka nione kama atamshtukia Chan kwa uso tu.