Tathmini ya huduma: usafishaji wa kina wa fizi kwa mwenye kisukari aina ya pili

Katika huduma ninayoitathmini hapa, daktari wa meno humtia mgonjwa ganzi, kisha huingiza vyombo chini ya ufizi na kukwangua ukoga na ugaga ulioganda kwenye mizizi ya meno. Isichanganywe na usafishaji wa kawaida, ambao huishia kung'arisha sehemu ya jino inayoonekana. Kwa mwenye kisukari, tofauti hiyo ndiyo hasa anayoilipia.

Fizi zinapoachana na meno hutokea vifuko vyenye kina cha milimita 4 au zaidi, bakteria hujificha humo, na kemikali ambazo mwili huzitoa kupambana nao huingia kwenye damu na kudhoofisha kazi ya insulini. Sukari ikipanda, fizi nazo huzidi kuvimba na kuchelewa kupona, kwa hiyo maradhi haya mawili huchocheana.

Je, sukari hushuka kweli? Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua ushahidi wa tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 35, yalionyesha kuwa kipimo cha HbA1c, kinachotoa picha ya sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, kilipungua kwa wastani wa 0.43 miezi 3 hadi 4 baada ya matibabu. Yaani aliyekuwa na asilimia 8 angekaribia 7.6. Si muujiza, ila zipo dawa za kuongezea juu ya metformini, dawa ya kawaida ya kisukari, ambazo hazizidi hapo kwa mbali. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2013, lenye washiriki 514, halikuona nafuu yoyote ya sukari, na wakosoaji walieleza kwamba fizi za wagonjwa wengi zilibaki na ukoga na kuendelea kutoka damu hata baada ya matibabu. Naona hoja yao ina uzito, kwa sababu jaribio la London la mwaka 2018, ambalo wagonjwa walifuatiliwa kwa mwaka mzima na wengine kufanyiwa upasuaji wa fizi palipohitajika, lilipata tofauti ya 0.6 dhidi ya waliosafishwa juu juu tu.

Ndiyo maana kliniki isiyopima vifuko kabla na baada ya kazi, wala kupanga marudio ya kila miezi 3 hivi, siipi alama za juu hata kama viti vyake ni vya kisasa. Kasoro za huduma yenyewe ni ndogo: fizi huuma siku chache, meno husisimka kwa baridi, na fizi zikinywea meno huonekana marefu.

Mgonjwa asiende na njaa ikiwa anatumia insulini, wala asipunguze dawa mwenyewe kwa kutarajia nafuu. Apime HbA1c kabla, apime tena baada ya miezi 3, na majibu yote mawili yamfikie daktari wake wa kisukari. Anayeendelea kuvuta sigara atarajie nafuu ndogo zaidi, kwani fizi zake hupona kwa shida.