Tochi usoni mwa bibi yangu

Nianze na tochi, maana ndiyo iliyoniharibia usiku. Mengine nitayaeleza nikitulia, nikitulia.

Majuzi kundi moja la baleti liliteremka kutoka bara, likaonyesha katika ukumbi mmoja pande za Nyali, hapa Mombasa. Tarehe imenitoka, ila ulikuwa mwisho wa mwezi, kwa kuwa mshahara ulikuwa bado moto. Nikakata tikiti tatu: yangu, ya binti yangu, ambaye tangu aone baleti kwenye simu hapiti jikoni ila kwa vidole vya miguu, na ya bibi yangu, yaani nyanya. Bibi hakuomba kwenda. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania, kwa hivyo nusu ya hasira hizi najikasirikia mwenyewe.

Tuliondoka Likoni mapema, tukiogopa feri. Bibi kavaa buibui jipya, leso haijaingia maji, kajifukiza udi mpaka mwenye tuktuk akauliza arusi iko wapi. Lishikeni neno hilo, litarudi.

Vilichezwa vipande vya Swan Lake, ile ya bata maji. Kabla ya pazia kufunguliwa alitoka kijana akatusimulia asili yake, na alisimulia vizuri, sina neno naye. Kwamba ilichezwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877, watu hawakuipenda sana. Kwamba hii inayojulikana leo ni ile iliyotengenezwa upya na Marius Petipa na Lev Ivanov kule St. Petersburg mwaka 1895, na Tchaikovsky aliyeutunga muziki alikuwa ameshakufa tangu 1893. Bibi akaguna: "Maskini, kafa hajamuona mwanawe akiolewa."

Kisha bata wakatoka. Wasichana safu nzima, nyeupe tupu, mikono inapanda na kushuka pamoja. Nikamwona bibi kanyooka kitini. Watu wa nje hawajui, lakini huyu bibi ujanani mwake alicheza lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, zama zile vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilipokuwa vikishindana hata watu wakauza dhahabu zao ili wasishindwe. Yeye alikuwa upande gani sisemi, vita hivyo kwetu havijesha. Akaniinamia sikioni: "Hii si lelemama hii? Ila hawa waruka." Baada ya kitambo akaongeza: "Yule wa tatu kutoka mwisho, mkono wake wachelewa." Nikatazama. Wallahi ulikuwa ukichelewa, kiganja kinageuka wenzake wameshageuka. Mimi nisingeliona hata ningelikaa pale mwaka mzima.

Sasa tufike penyewe. Bata mweusi akaingia. Kijana alikuwa ametuambia kwamba huyu huzunguka kwa mguu mmoja mara 32 mfululizo, jambo alilolifanya Muitaliano Pierina Legnani mwaka ule wa 1895, na tangu hapo kila anayecheza nafasi hii hutazamwa kwa hesabu. Binti yangu akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inacheza. Kumi. Kumi na tano. Ukumbi ushaanza kupiga makofi. Kumi na tisa, bibi akashindwa kujizuia, akakiachilia kigelegele. Kimoja tu! Lakini cha kikwetu, kirefu, cha mtu aliyekipiga miaka sitini.

Mara, tochi. Mwanga mweupe usoni mwake, na nyuma ya mwanga sauti ya kijana aliye sawa na vitukuu vyake: "Wewe mama, hapa si arusini. Nyamaza ama utoke." Hakuna shikamoo, hakuna "samahani, bibi". Na hakuiondoa ile tochi, aliishika pale pale kama amemkamata mwizi, bibi kainua ncha ya leso ajikinge macho. Mtu mmoja safu ya mbele alikuwa akipayuka "bravo" tangu mwanzo na hakumulikwa hata kidogo. Nilipogeuka kutazama jukwaa, yule dada ameshamaliza, anainama, watu wamesimama. Hiyo 32 mimi sikuiona.

Ati si arusini! Nimerudi nyumbani nikasoma. Ile baleti inayotajwa na wengi kuwa ya kwanza, Ballet Comique de la Reine, ilichezwa Paris mwaka 1581, na unajua kwa nini? Arusi. Dada wa malkia wa Ufaransa alikuwa akiolewa na Duke wa Joyeuse, na ngoma ikachukua zaidi ya saa tano. Kwa hivyo, ewe mwenye tochi, bibi yangu alikuwa nyumbani kuliko wewe.

Wakati wa mapumziko nikaenda kulalamika. Waliokuwa meza ya tikiti wakasema mwenye tochi ni wa ukumbi. Wa ukumbi wakasema kaletwa na kundi. Nikaenda na kurudi mara tatu, kisha nikaacha. Juisi ilikuwa ya moto na ghali, hilo nalipita.

Nilikuwa nimeshaitunga kichwani tathmini ya nyota moja. Lakini wakati wa kutoka tulimkuta mchezaji mmoja kwenye ngazi za ujia wa nyuma, Mkenya kama sisi, anafungua riboni za viatu, jasho linamtiririka. Binti kaganda. Yule dada akamnyooshea kiatu akishike. Siku zote nilidhani kule mbele wanatia ubao. Hamna ubao, ni matabaka ya kitambaa na gundi yaliyokaushwa yakawa magumu, na hiki kilikuwa kishalegea kama mkate uliorowa. Binti aliporudisha mkono, vidole vyake vilikuwa na rangi ya kahawia. Ni poda ya uso! Viatu hivi kwa miaka na miaka vilishonwa vya rangi ya waridi, rangi ya ngozi za wenyewe, na wenye ngozi kama yetu wakawa wanavipaka. Kundi la Dance Theatre of Harlem, alilolianzisha Arthur Mitchell na mwenzake New York mwaka 1969, walivipaka, na London hadi 2018 ndipo Freed, watengenezaji wa viatu hivi, na kundi la Ballet Black wakatoa vya kahawia vilivyo tayari. Huyu wetu wa ngazini bado anapaka mwenyewe, kwa sifongo, kila onyesho.

Bibi hakuuliza habari ya poda. Alimwambia: "Mwanangu, mwambie mwenzako wa tatu kutoka mwisho, mkono." Yule dada akacheka mpaka akashika ukuta. "Bibi, umeona? Mwalimu humwambia kila siku!"

Kwa hivyo nyota ngapi? Wachezaji nawapa nne, na nusu nimeizuia kwa ajili ya mkono. Ukumbi sifuri. Hapana, na kundi pia nalikata moja, kwa sababu mgeni wako akitukanwa ukumbini umetukana wewe, hata kama tochi si yako. Halafu nakumbuka ile safu nyeupe na narudisha. Sijui. Andikeni mtakavyo.

Kwenye feri tukirudi, bibi alimuuliza binti hesabu yake ilifika wapi.

"Kumi na tisa."

Bibi akaikunja leso yake taratibu. "Basi tunawadai kumi na tatu. Waulize wanarudi lini."