Mashine ya nakshi ya mtumba: tazama pistoni kwanza

Tangu vijana wa Amu, yaani Lamu, waanze kuagiza kutoka ng'ambo mashine za nakshi zinazoendeshwa kwa hewa, malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mashine imefika, taa inawaka, pedali inakanyagika, lakini kishikio hakitetemi. Muuzaji ameshakula pesa zake, na nauli ya kuirudisha inakaribia bei yenyewe. Halafu mtu anaambiwa hajui kuitumia!

Wanaoanza hupenda kulinganisha mapigo kwa dakika. Tuyaache hayo. Kwa anayejifunza kuchora maua na majina kwenye pete ya fedha, mashine yoyote nzima ina kasi ya kumtosha. Kinachoziua mashine hizi huku pwani ni maji, na sijaona tangazo hata moja linaloyataja.

Ndani ya kishikio mna pistoni ndogo inayokwenda mbele na nyuma ikigonga kitako cha kalamu ya nakshi. Upenyo kati ya pistoni na ukuta wake ni mwembamba kuliko unywele. Sasa piga hesabu ya Lamu: joto la nyuzi 30, unyevu wa asilimia 80. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo imebeba kama gramu 24 za maji. Kompresa ikiibana mpaka shinikizo la baa 7, tangi likishapoa hewa hiyo haiwezi kubeba hata gramu 4. Zilizobaki, gramu 20 hivi, zinakuwa maji ndani ya tangi. Yasipomwagwa, yanafuata mpira wa hewa mpaka kwenye pistoni, na kutu kidogo tu inatosha kuikwamisha. Aliyenunua mashine iliyokaa miaka kwenye banda la mtu bila chujio amenunua kutu, hata kama sanduku la mashine linang'aa.

Nikizipanga mashine za mtumba, nafasi ya kwanza naipa AirGraver ya Lindsay, hasa ile Classic, inayotengenezwa Kearney, Nebraska. Naipenda na sifichi. Haina mota: hewa yenyewe ndiyo inayoisukuma pistoni huku na huku, kwa hiyo suala la volti halipo. Inatumia hewa kidogo, na stima ikikatika tangi lililojaa linakuwezesha kuendelea na kazi. Kwa mtumba, uzuri wake mkubwa ni kwamba kishikio kinafunguka na pistoni unaishika mkononi. Unaona kwa macho unachonunua.

Ya pili ni GraverMach AT ya GRS, kampuni ya Emporia, Kansas. Ni mashine imara, na ina faida moja kubwa: vishikio vyake, kama 901 na Monarch, vinauzwa peke yake. Kishikio kikiwa kimekufa na sanduku likawa zima, bado unaweza kuiokoa, ila toa gharama hiyo kwenye bei kabla ya kulipa. Hii inataka stima na kompresa pamoja. Soma kibati cha nyuma: mashine nyingi za Marekani ni za volti 115, na yetu ni 240. GraverMax, dada yake mkubwa, naiweka ya tatu kwa sababu ya umri tu.

Gravermeister, ile ya zamani kabisa ya GRS, huwavutia watu kwa kuwa ina pampu yake ndani na haihitaji kompresa. Haki yake niitaje: kwa kuwa haibani hewa sana, balaa la maji ni dogo. Lakini ina mota. Stima ya Marekani ni ya hezi 60, yaani mawimbi 60 kwa sekunde, yetu ni 50. Transfoma inashusha volti, haigusi hezi, kwa hiyo mota yake inaweza kuzunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita. Inunue ukiwa na fundi wa mota anayeijua kazi yake.

Nakala za bei nafuu zisizo na jina sizipangi. Vipuri vyake havipatikani, basi.

Ukishaipata mashine, usiiunganishe na kompresa siku hiyo hiyo. Fungua kishikio, osha pistoni na nyumba yake kwa spiriti safi, kausha, tazama. Pistoni ikiteleza bila kukwama, umepata. Ikiwa na madoa, usiisugue kwa msasa: ukiipunguza, hewa inapita pembeni na nguvu ya pigo inapotea, wala hairudi. Tafuta pistoni mpya. Badilisha oringi zote, zile pete za mpira za kuzuia hewa isivuje, na mpira uliokakamaa utupe. Mafuta usitie ndani. Yakikutana na vumbi yanakuwa gundi.

Kisha linda ulichokifufua. Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni umwage maji. Weka chujio la maji karibu na meza, mbali na kompresa, ili hewa iwe imepoa kabla ya kulifikia. Baada ya chujio ongeza kikausho chenye silika. Kompresa ya panchari inafaa kujaribia, lakini mafuta yake yanafika mbali. Ile isiyotumia mafuta, kama za madaktari wa meno, ni bora na haina kelele za kugombanisha na majirani.

Bei ndizo zinaniudhi. Muuzaji anapiga picha za sanduku pembe zote, anaandika "imejaribiwa", kisha regyuleta, ile ya kurekebisha shinikizo la hewa, anaiuza mbali na mpira anauuza mbali. Ukiomba picha ya pistoni anakujibu kwamba hafungui vitu. Hafungui, lakini anataka bei ya kitu kilichofunguliwa! Na hapa nchini VAT ya asilimia 16 haihesabiwi kwenye bei ya mashine peke yake. Nauli na ushuru vinaingizwa humo. Sanduku zito basi linakukamua mara mbili kabla halijafika Mokowe kupakiwa boti, wakati kishikio cha Lindsay kinasafiri kwenye kifurushi kidogo. Mwambie muuzaji akutumie picha mbili: pistoni ikiwa nje, na kibati cha volti. Akikataa, usimtumie pesa.