Chai ya kupima pale Kadutu, na ule Mskoti wa ukutani

Wapenzi wa chai wa Bukavu, kuna mama mmoja juu ya soko ya Kadutu anapima majani ya chai ya kwetu Kivu kwa kilo, na iko muzuri kabisa, ile nyeusi inatoa rangi haraka na maziwa haiiuwi. Ya kijani mimi hapana, inanuka moshi, tena bei yake inapita.

Ila kitu kilinishika ni karatasi aliyobandika ukutani juu ya Robert Fortune, Mskoti mutu wa mimea, alizaliwa 1812, mu 1848 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ikamutuma Uchina, akanyoa kichwa akavaa sawa Mchina, akatoa miche na mbegu mu masanduku ya vioo mupaka India. Mwizi eeh, lakini mwizi wa akili! Ni yeye alionyesha Wazungu kwamba nyeusi na kijani zinatoka mu mti moja, na akakuta kule banapaka ya kijani rangi ya bluu na jasi juu Wazungu wainunue.

Mama anafunga mapema, na chenji ya franka ndogo hana, mujiandae.