Brewfather: programu ya kutungia mapishi ya bia ya nyumbani, na jinsi nilivyoiingizia mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi

Mapishi ya bia mtandaoni yamejaa tele. Ukitaka ya Kiingereza, ya Kijerumani, ya kahawa, hata ya maboga, dakika mbili unayo. Kazi inaanza ukishayapata, kwa sababu karibu yote yameandikwa kwa sufuria ya mtu mwingine. Mimi napikia bia jikoni kwangu hapa Leeds, na kwa kazi hiyo ya kuyageuza mapishi ya watu yawe yangu, sijatumia kitu kinachoifikia Brewfather, programu iliyotengenezwa Norway, inayofanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta.

Chukua mfano. Mtu ameandika kilo 4 za kimea cha shayiri kwa lita 20 za bia, na anasema maji yake matamu yalisoma 1.051 kwenye haidromita (kifaa cha kupima wingi wa sukari; namba ikipanda, sukari ni nyingi) kabla ya kutia hamira. Yeye vyombo vyake vinamtolea asilimia 80 ya sukari iliyomo kwenye kimea. Vyangu vikitoa asilimia 65, kilo zile zile 4 zitanipa kama 1.041, na bia itakuwa nyepesi kabisa. Ndani ya Brewfather unaandika vyombo vyako mara moja: ukubwa wa sufuria, maji yanayopotea kwa mvuke, na ufanisi wako, yaani ile asilimia ya sukari unayoitoa. Kisha kila mapishi unayoyaingiza unaweza kuyapima upya kwa vyombo hivyo. Kilo 4 zitasogea karibu na 5 na utajua sababu yake.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya kutunga. Nilitaka bia ya Kiingereza ya kawaida, ile wanayoiita Best Bitter. Nikaanza na kilo 4 za Maris Otter, kimea cha shayiri cha Kiingereza, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za East Kent Goldings gramu 40 kwa saa nzima ya kuchemsha na gramu 20 dakika 10 za mwisho, na hamira ya bia iitwayo S-04. Kwa ufanisi wa asilimia 72 programu ikakadiria 1.046, kilevi asilimia 4.5, uchungu 28 kwa kipimo cha IBU. Vyote vimo ndani ya mipaka ya aina hiyo, ila rangi: mstari wake ulibaki nje, bia ni nyeupe mno. Nikaongeza gramu 300 za kimea cha kristali chenye rangi ya 150 EBC, kipimo cha rangi ya kimea na bia. Rangi ikaingia, lakini sukari nayo ikapanda, kwa hiyo nikapunguza Maris Otter hadi kilo 3.7. Unagusa kitu kimoja na unaona vingine vinne vinavyosogea papo hapo. Nimejifunza mengi kwa kukaa tu na kuchezea namba hizo jioni, kabla hata ya kuwasha jiko.

Halafu ikaja mbege. Kwetu Marangu, Kilimanjaro, mapishi yamo mikononi mwa akina mama. Nilimpigia mama mdogo nimuulize maji kiasi gani, akaniambia, "Weka mpaka uone imekubali, mwanangu." Anajua anachosema: anaangalia uji wa ulezi unavyodondoka kwenye kata. Kwa hiyo nilimwomba anieleze hatua kwa hatua, nami nikaandika gramu. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichache, hiyo ndiyo nyalu. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa na kupikwa uji, huo ndio mso. Ukipoa, vinachanganywa.

Programu inakuruhusu kuongeza viungo vyako mwenyewe, na hapo niliandika kimea cha ulezi na ndizi, kila kimoja na kiasi cha sukari nilichokipima mimi. Inakubali. Lakini ujue mantiki yake yote ni ya shayiri: inategemea uchuje machicha, uchemshe na hopsi, usubiri hamira imalize sukari. Mbege inanyweka ingali inachacha, na unga wake umo humo humo, kwa hiyo makadirio ya kilevi nayachukulia kama dira tu. Uchungu ndio haupimiki kabisa. Fomula ya Tinseth, inayokadiria uchungu wa bia, inahesabu asidi alfa za hopsi, na gome la mti wa msesewe, linaloipa mbege uchungu wake, halina kitu hicho, kwa hiyo litasomeka sifuri hata ulitie kiganja kizima. Na tafadhali usibahatishe msesewe. Ni gome lenye dawa kali, na kipimo chake wanakijua wanaolitumia miaka yote. Mimi huku nimeliacha.

Maktaba ya mapishi ya wenzetu imo ndani, ila ubora wake unapanda na kushuka, kila mtu anaweka lake. Mimi huanzia kwa yale yaliyoshinda medali kwenye mashindano ya chama cha wapishi wa bia wa nyumbani cha Marekani, ambayo chama chenyewe huyatoa, kisha nayaingiza kwenye programu na kuyapima upya. Yale yaliyoshinda yameonjwa na watu waliofunzwa kuonja.

Kumbukumbu za kila mpiko zinakaa pamoja na mapishi yake, na hilo kwangu lina thamani kuliko mapambo yote. Joto la chumba, haidromita ilisoma nini siku ya tatu, nani alionja akasema nini.

Toleo la bure linakupa nafasi ya mapishi 10, na kwa anayeanza ni mengi. Jaza vyombo vyako kwanza, chagua bia moja, ipike urudie ukibadilisha kitu kimoja kila mara. Mimi nimelipia, maana matoleo ya mbege peke yake yalishakula nafasi zote. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku ulezi utakapopewa hesabu zake wenyewe.