Wall Drug, South Dakota: Mahali pa Kupumzika Safarini
Mimi na mume wangu tulipita Wall Drug, katika mji mdogo wa Wall, jimbo la South Dakota nchini Marekani, tukielekea Rapid City kwenye harusi ya mpwa wangu. Ted na Dorothy Hustead walinunua duka hili la dawa mwaka 1931, na biashara ilidorora hadi 1936, Dorothy alipopendekeza waweke mabango barabarani ya kuwaalika wasafiri wanywe maji yenye barafu bila malipo. Maji hayo bado ni ya bure, na kahawa ni senti 5. Donati zake, laini na zisizozidi utamu, zilitupendeza mno, tukawabebea na wenyeji wetu. Wenye watoto au wazee wapumzike hapa kabla ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Badlands, ambako kivuli ni haba.