Tkinter kwenye kaunta ya hadiwea: uzoefu wangu

Mjomba ana duka la hadiwea Morogoro na kompyuta ya Windows 7 ambayo hataki kusikia habari ya kuibadilisha. Alitaka programu ya mauzo isiyotegemea intaneti. Nilichagua Tkinter, maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe kwa lugha ya programu ya Python, kwa sababu ukishaweka Python kwenye Windows, yenyewe imeshaingia; hupakui kitu kingine. Mwenye mashine kama ya mjomba ajue kwamba Python 3.8 ndiyo toleo la mwisho linalokubali Windows 7.

Kwa vitu vya kawaida sina lalamiko. Lebo, vitufe, visanduku vya kuandikia na vya kuweka tiki vinakaa kwenye dirisha kwa mistari michache ya msimbo. Njia ya malipo niliiwekea vitufe vya redio: taslimu, M-Pesa, mkopo. Keshia anaziona zote kwa mpigo, hafungui orodha yoyote. Vyote vimefungwa kwenye StringVar moja (kihifadhi cha thamani iliyochaguliwa), kwa hiyo akichagua kimoja, kilichokuwa kimechaguliwa kinajiondoa. Tumia vitufe vya ttk, seti ya kisasa zaidi ndani ya Tkinter. Vile vya awali kwenye Windows vina sura ya miaka ya tisini, na wateja wa siku hizi wanachungulia skrini!

Kupanga dirisha natumia grid, inayoweka vitu kwa mistari na safu. Pack, inayovirundika kimoja baada ya kingine, nayo ipo, ila usizichanganye ndani ya fremu moja, Tk (injini iliyo chini ya Tkinter) itagoma.

Kero inaanzia kwenye Enter. Keshia mzoefu hagusi mausi. Anaruka kwa Tab hadi kitufe cha "Hifadhi", anapiga Enter, kimya. Kitufe cha ttk kinaitikia kibao cha nafasi. Enter unaifunga mwenyewe kwa bind, amri ya kuunganisha kitufe cha kibodi na kazi. Ni mstari mmoja tu, lakini usipouandika utaambiwa programu ni mbovu.

Orodha kunjuzi, yaani Combobox, ni nzuri ikiwa na vitu kumi. Duka la hadiwea lina misumari ya kila inchi, rangi, nondo, viungio vya mabomba. Ukiandika "non" haikuchujii chochote. Ilibidi nisikilize kila herufi kwa KeyRelease (tukio la kitufe cha kibodi kuachiwa) na kubadilisha values, yaani vitu vya orodha, papo hapo. Inafanya kazi vizuri, ila Windows Forms, zana ya Microsoft ya kazi kama hii, ina AutoCompleteMode ambayo unaiwasha tu kwenye mipangilio.

Sasa Treeview. Hapa ndipo nimekaa usiku mwingi, maana ndiyo jedwali pekee unalopewa. Kwa kuonyesha mauzo ya siku ni nyepesi, hata kwenye mashine ile inasogea vizuri. Shida ni pale unapotaka zaidi ya kutazama. Kichwa cha safu kinabonyezeka, lakini kupanga data unaandika mwenyewe, na thamani ukizisoma kwa set zinarudi kama maandishi: 100 inatangulia 9 mpaka uzigeuze kuwa namba. Kuhariri ndani ya jedwali hakuna. Wengi huweka kisanduku cha kuandikia juu ya seli kwa kutumia bbox, inayokupa mahali seli ilipo. Mimi niliona ujanja huo unavunjika ukisogeza jedwali, nikaweka fomu ndogo pembeni. Bofya mstari, rekebisha kwenye fomu, hifadhi. Keshia aliielewa siku hiyo hiyo.

Halafu rangi. Nilitaka bidhaa zinazokaribia kuisha ziwe nyekundu kwa kutumia tag, alama unayobandika kwenye mstari. Msimbo sahihi, jedwali jeupe pee. Kumbe Python 3.8 ya Windows inakuja na Tk 8.6.9, na toleo hilo lina hitilafu inayofanya rangi za tag zipuuzwe. Dawa yake ni kuondoa kwenye style.map ya Treeview (orodha ya rangi kwa kila hali) ile mistari yenye '!disabled' na '!selected'. Toleo la Tk lililofuata halina tatizo hilo.

Tarehe haina kidhibiti chake, yaani kisanduku maalumu cha kuichagulia. Kuna tkcalendar ya kupakua kando, nayo inatosha.

Angekuwa na kompyuta mpya na wafanyakazi wengi wa kuhariri jedwali moja kwa moja, ningeenda Qt, maktaba nyingine kubwa ya kutengenezea madirisha, bila kufikiria mara mbili. Kwa kaunta moja, Tkinter naipa nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya risiti: hakuna dirisha la kuchapisha, kwa hiyo naandika risiti kwenye faili, kisha os.startfile yenye amri ya "print" inaituma kwenye printa.